Meno ya Mtihani

Mjomba Dabaso alishuka kutoka juu ya lori la mbuzi akicheka, na Luul alipoyaona meno yake akajua mambo yameharibika.

Alikuwa amemngojea pale mjini Isiolo yanapoegeshwa malori ya Merti tangu saa za swala ya adhuhuri, amejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mkononi ana chupa ya maji baridi aliyomnunulia. Tangu Luul akiwa mtoto meno ya mjomba yalikuwa na rangi ya udongo, ukoga umeganda kwenye mashina yake kama chokaa inavyoganda mdomoni mwa birika. Sasa yalikuwa meupe. Hayakuwa meupe ya kuzaliwa nayo, yalikuwa meupe ya kukwanguliwa. Fizi zilikuwa zimevimba, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na damu iliyokauka.

"Salaam aleikum, mtoto wa dada!"

"Aleikum salaam, mjomba."

"Angalia!" Mjomba alivuta mdomo wa chini kwa kidole, hapo hapo mbele ya makuli na mbuzi. "Angalia vizuri. Hata huku nyuma nimetoa. Ulifikiri mjomba wako atakuja kukuaibisha mbele ya madaktari wa Nairobi?"

"Nani amekutolea, mjomba?"

"Iko fundi wa redio pale sokoni. Ana kachuma kembamba, anachokoanga nayo redio. Nilikaa kwa kiti yake mpaka jua ikakuja juu ya kichwa. Uchungu! Nikasema wacha, hii ni ya msichana yetu. Halafu mama watoto akamalizia na mkaa. Umefurahi?"

Luul alitazama chini. "Nimefurahi, mjomba. Asante sana."

Akampa ile chupa. Mjomba alisukutua, akakunja uso kwa maumivu, akatema maji mekundu vumbini, kisha akacheka tena.

Kesho yake asubuhi Luul alikuwa na mtihani wa vitendo wa leseni. Alikuwa amesomea afya ya kinywa, akafuzu chuoni, lakini bila leseni hakuruhusiwa kugusa mdomo wa mtu. Katika kliniki ya meno alikopata kibarua alikuwa akiosha vyombo na kuwapikia wenzake chai, na mwenye kliniki, akiwa na wageni, alimwita "yule msichana wa chai." Mtihani huo ulikuwa na sharti moja lililowakosesha wengi usingizi: kila mtahiniwa alikuja na mgonjwa wake mwenyewe. Kabla ya kazi kuanza, watahini walimwangalia mgonjwa kinywani. Akiwa na ukoga mgumu wa kutosha, mtahiniwa aliambiwa ausafishe mbele yao. Asipokuwa nao, mtahiniwa alirudi nyumbani, na hiyo ilihesabiwa kuwa ameanguka.

Mara ya kwanza Luul mkono ulitetemeka, akamchoma mgonjwa fizi. Mara ya pili mgonjwa wake, mchungaji wa Oldonyiro, alisikia mvua imenyesha upande wa pili wa mlima akafuata ng'ombe zake. Hii ilikuwa mara ya tatu, na ya nne haikuwepo. Aliyeanguka mara tatu alirudi chuoni mwaka mzima, na kwao hakukuwa na kilichobaki cha kumrudishia chuoni.

Na kosa lilikuwa lake. Msichana atamwambiaje ndugu ya mama yake kwamba anamtaka kwa sababu ya uchafu wa mdomo wake? Alipompigia simu aliona haya, akasema tu, "Mjomba, njoo, kuna madaktari wakubwa watakuangalia meno." Mjomba akaelewa kama mtu yeyote mwenye heshima zake angeelewa.

---

Nyumbani, mtaa wa Bulla Pesa, mama yake Luul, Kaltuma, alimpokea ndugu yake kwa maziwa ya ngamia na vifijo.

"Wallahi umekuwa kijana, Dabaso! Utaoa tena wewe."

"Usimwambie mama watoto. Yeye ndiye alisugua."

Walikuwa bado wanacheka baba alipoingia kutoka soko la mifugo, fimbo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Dahir alikuwa dereva wa malori ujana wake wote, akikesha njiani kwa miraa na chai ya sukari nyingi. Macho yalipochoka akageuka dalali wa ng'ombe. Alisalimiana na shemeji yake, akamtazama mdomoni, akamgeukia binti yake. Luul alikuwa amesimama mlangoni, ameushika mtandio kwa mikono miwili.

"Aabo, kuna nini?" aliuliza Dahir. Kwa Wasomali baba na mtoto huitana jina moja, na nyumba hii ilikuwa ya Kisomali upande wa baba.

"Hakuna kitu, aabo."

"Unalia."

"Silii."

"Si unaona analia?" Dahir alimwuliza mkewe. "Mnacheka na mtoto analia."

Ndipo Luul akasema. Alisema kwa sauti ndogo, akiutazama mkeka, na kila neno lilipotoka alitamani lirudi. Alipomaliza, mjomba Dabaso aliweka kikombe cha maziwa chini polepole.

"Kwa hivyo ulikuwa unataka uchafu," alisema.

"Si hivyo, mjomba."

"Ni hivyo. Wewe ulikuwa unataka mdomo yangu vile ilikuwa. Na mimi nimekaa kwa ile kiti nikitoa damu..." Alitazama nje ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. "Sasa huwezi kuwaambia hao wakubwa ilikuwa chafu? Mimi mwenyewe nitasema. Nitaapa."

"Hawataki kuambiwa, mjomba. Wanataka kuona."

"Na mimi?" mama aliuliza, akifungua kinywa. Lakini Kaltuma alipiga mswaki wa mti asubuhi na jioni tangu utoto. Meno yake yalikuwa kama ya kwenye tangazo, na mara ya kwanza maishani akayaonea aibu.

"Si mimi niko?" alisema Dahir. "Yangu ni machafu kuliko ya Dabaso. Hata wakitoa zawadi nitashinda."

"La, aabo." Luul alijibu upesi mno.

"Kwa nini?"

"Kesho una kazi sokoni."

"Ng'ombe watakuwepo hata Jumatatu."

"Yako hayafai tu, aabo. Si aina wanayotaka."

Baba alimtazama kidogo, halafu akavua viatu, akaenda kutawadha.

Ukweli ni kwamba ya Dahir yalifaa kuliko ya mtu yeyote Isiolo. Luul alipokuwa chuoni, alikuja likizo na kioo chake kidogo, akamwomba baba afungue kinywa afanye mazoezi. Nyuma ya meno manne ya mbele ya chini aliona ukoga mnene kama ukuta, na juu ya ukuta huo meno marefu kupita kiasi, mfupa wa chini yake umekwisha kuliwa na ugonjwa wa fizi. Mwalimu alikuwa amewaonyesha picha za meno kama hayo. Hayashikwi tena na taya, aliwaambia. Yameshikamana kwa ukoga, kama watu waliolewa wanaoegemeana. Ukiuondoa, utakuwa umefanya kazi safi, na meno yataanza kucheza, halafu yatatoka. Na hata ukiuacha yatatoka, ila baadaye kidogo. Siku ile Luul aliweka kioo kando, akamwambia baba kila kitu kiko sawa. Dalali hula kwa mdomo wake. Hakujua angemwambia nini.

---

Jua lilipokuwa likienda kuzama alikwenda mpaka lango la hospitali ya kulipia ambayo watahini walikuwa wameikodisha. Alikuwa amesikia kwamba pale nje kuna mtu anayeitwa Kiugu, mchuuzi wa miraa, ambaye wakati wa mtihani huuza kitu kingine.

Kiugu alikuwa ameketi juu ya kreti, amejaa shavu moja. Pembeni yake walikuwa wanaume watatu waliochoka, kila mmoja anatafuna.

"Dada, unatafuta mdomo?"

Luul alitikisa kichwa kukubali. Uso ulimwaka moto.

"Umechelewa. Hawa wawili wameshalipiwa na watu wa Meru. Amebaki huyu. Robow, fungua."

Yule aliyeitwa Robow alifungua kinywa bila kumtazama Luul, kama mbuzi aliyezoea kuuzwa. Ukoga ulikuwepo, mwingi, mzuri. Luul alijisikia moyo ukidunda kwa furaha, na papo hapo akajionea aibu kwa furaha hiyo.

"Ni ngapi?"

Kiugu alitaja bei. Ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa kuosha vyombo.

"Nina nusu. Nyingine nitaleta mwisho wa mwezi. Naapa."

"Mwisho wa mwezi huyu atakuwa amesafishwa na mtu mwingine." Wale wanaume wakacheka. "Dada, mimi siuzi kwa deni. Mdomo si mchele. Na wewe, si nasikia hii ni mara yako ya tatu? Ukianguka nitakudai wapi?"

"Nani amekuambia?"

"Hapa Isiolo? Hata mbuzi wanajua."

Gari jeupe lilisimama. Kijana mmoja aliteremka, shati limepigwa pasi, akamwambia Kiugu, "Ni huyu?" na bila kuuliza bei akamwangalia Robow mdomoni kwa tochi ya simu. Luul hakungoja. Alipovuka barabara alisikia Kiugu akimwita, "Dada! Si hata nyinyi mko na baba nyumbani? Wazee wote wako na mdomo mbaya!"

---

Asubuhi Dahir alikuwa ameoga kabla ya mtu yeyote. Alivaa koti lake la harusi za watu, akaweka kofia yake vizuri, akasimama uani.

"Twende."

"Aabo, nimekuambia..."

"Umeniambia hayafai. Wewe si mtahini. Wacha wao waseme hayafai."

Mama alikuwa nyuma yake na thermosi ya chai. Mjomba Dabaso alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha wageni, hajanyanyua uso tangu jana. Luul alichukua mkoba wake wa vyombo.

Walitembea. Njia nzima Luul alijaribu kulipata neno. Walipofika kwenye maduka akasema moyoni, nitamwambia tukipita msikiti. Walipopita msikiti akasema, nitamwambia langoni. Hakuogopa kwamba baba angekataa. Aliogopa kwamba angekubali. Angekubali hapo hapo, barabarani, bila hata kupunguza mwendo, na baada ya hapo maisha yake yote Luul angekuwa mtu aliyemwomba baba yake meno yake.

Langoni Kiugu aliwaona, akainua mkono. "Sasa hiyo ndiyo akili, dada!"

"Huyo ni nani?" aliuliza Dahir.

"Sijui, aabo."

Ndani, wagonjwa walikuwa wamepangwa kwenye benchi kama watoto wa shule, kila mmoja na namba kifuani. Mtahini mkuu, Daktari Mworia, alipita na tochi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye mikono safi kabisa. Mgonjwa wa msichana mmoja aliambiwa, "Huyu hatoshi," na msichana akaketi sakafuni palepale na kulia, na hakuna aliyemwinua kwa sababu kila mtu alikuwa akiomba Mungu wake. Kisha ikafika zamu ya Dahir.

Daktari Mworia aliinama. Alikaa humo muda mrefu.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dereva. Isiolo mpaka Moyale, kabla ya lami."

"Inaonekana." Akamgeukia Luul. "Anafaa. Utasafisha meno ya mbele ya chini, kuanzia pembe hii mpaka pembe ile. Ndani na nje. Ukimaliza nikasikia ukoga hata punje moja kwa kifaa changu, umeanguka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Ni yale manne hasa.

---

Luul alimlaza baba kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akavaa glavu. Sauti za vyuma zilikuwa zimejaa chumba. Dahir alitazama dari, akasema kwa utani, "Usinifanye kama ng'ombe wa mnada," halafu akafungua kinywa.

Alianza na nje, mahali palipokuwa rahisi. Ukoga ulitoka kwa vipande, ukianguka kwenye ulimi, na alivuta maji na damu, akafuta, akarudi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba mkono ulikuwa umetulia namna ile. Kisha akaingia nyuma. Aliweka ncha ya chuma chini ya ule ukuta, akavuta. Kipande kikubwa kiliachia kwa mlio mdogo, kama ganda la yai, na jino lililokuwa mbele yake likasogea.

Lilisogea, likarudi. Luul alisimamisha mkono.

Baba aliteremsha macho kutoka kwenye dari, akamtazama. Alikuwa amelisikia. Mtu hawezi kukosa kusikia jino lake likicheza. Kwa ulimi aliligusa, polepole, kama anayegonga mlango wa nyumba asiyojua kama kuna mtu. Aligusa la pili.

"Aabo," alinong'ona. "Aabo, naweza kuacha."

Dahir hakuweza kusema, kinywa kilikuwa wazi na kimejaa chuma. Aliinua mkono kutoka kwenye kiti, akaukamata mkono wa binti yake uliokuwa na kile kifaa, akaurudisha mwenyewe mdomoni mwake.

Luul akafanya kazi. Alikwangua mpaka ukuta wote ukaisha. Machozi yalikuwa yakiingia ndani ya barakoa na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mwisho meno manne yalisimama peke yake, safi, marefu, na katikati yake palionekana mwanga ambao awali haukuwepo.

Daktari Mworia alikuja. Alipitisha kifaa chake nyuma ya kila jino, sikio ameinamisha. Alirudia. Kisha akayashika meno kwa vidole viwili, moja moja, na kila moja likaenda mbele na nyuma. Alinyoosha mgongo.

"Kazi ni safi," alisema. "Lakini kuna jambo. Meno haya yalishikwa na ukoga, na wewe ulijua, usinidanganye. Mgonjwa wa namna hii lazima aambiwe kabla. Aambiwe yatatoka, na akubali. Bila hivyo si matibabu. Ulimweleza?"

Chumba kilikuwa na kelele vilevile, lakini Luul hakuzisikia. Alishusha barakoa. Alitaka kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa limefika ulimini.

"Aliniambia," alisema Dahir.

Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, damu kidevuni.

"Sijakuuliza wewe, mzee."

"Meno ni ya nani? Niulize mimi. Aliniambia jana jioni, kwa nyumba, mama yake akiwa hapo."

Daktari alimtazama vizuri. "Alikuambia nini?"

Dahir hakusita. Alikuwa amesimama miaka kati ya muuzaji na mnunuzi, anajua sauti ya mtu mwenye uhakika inavyokuwa. "Aliniambia, aabo, haya ya mbele yamekwisha. Nikiyasafisha yataenda, na nikiyaacha yataenda pia, ni siku tu. Nikamwambia, basi yaende na faida. Ndiyo nimekuja na koti."

Maneno mawili matatu yalitoka na upepo, kwa sababu meno ya mbele yalikuwa hayashikilii tena sauti. Luul alilisikia hilo. Daktari naye alilisikia. Kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi, akamtazama baba, akamtazama binti, akamtazama tena baba.

"Wewe, ni kweli?"

Baba hakumtazama Luul. Alikuwa akitazama kalamu.

"Ndiyo, daktari," alisema Luul.

Kalamu ikateremka, ikaandika, ikatia sahihi. "Umepita. Mpeleke akang'olewe hayo kwa utaratibu, asije akalimeza moja usingizini. Namba inayofuata!"

---

Walitoka kwa mlango wa nyuma ili wasipite langoni. Luul aliposhuka ngazi alimsaidia baba kwa mkono, ingawa miguu yake haikuwa na ugonjwa wowote. Kulikuwa na ukuta mfupi chini ya tangi la maji, Dahir akaketi hapo. Simu ya Luul ililia ndani ya mkoba. Mama. Ikaacha, ikalia tena. Alijua huko nyumbani mjomba Dabaso alikuwa ameegemeza sikio kwenye hiyo simu.

"Mpigie umwambie umepita," alisema baba. Alisema kwa midomo, akijaribu kutafuta njia mpya ya kulitamka kila neno. Lile la "umepita" lilimshinda. Alilirudia, likamshinda tena, akaachana nalo.

"Nitampigia."

Hakuipokea. Aliketi kando yake. Alitaka kusema samahani, lakini lilikuwa neno dogo, kama kumpa mwenye kiu maji ya kifuniko cha chupa. Mlinzi alipita, akawatazama, akaenda zake.

Dahir alifuta kidevu kwa kitambaa cha hospitali alichosahau kukivua, akakikunja mara mbili, akakiweka gotini.

"Haya, aabo," alisema. "Sasa niambie ile uliyoniambia jana."